Bao la Kiswahili na Watu wa Barazani

Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Kila mchezaji humiliki safu mbili za upande wake na nusu ya kete. Kete zenyewe ni komwe, mbegu ngumu za kijivu za mkomwe, mmea wa miiba uotao karibu na ufuo. Ubao mzuri huchongwa kwa mti mgumu, ila asiye nao huchimba mashimo ardhini, akaokota vijiwe, na mchezo ukaendelea.

Kwa desturi ni mchezo wa wanaume, na mahali pake ni barazani. Jua likishapoa, katika mitaa ya Mji Mkongwe wa Unguja au ya Lamu, wawili huketi wakatazamana, ubao katikati, na wengine huwazunguka. Watazamaji hawa si wa kukaa kimya. Huhesabu pamoja na wachezaji, hukosoa, hukejeli, na anayekosea mbele yao atakumbushwa kosa lake hata kesho. Pengine ndiyo sababu bao halijifunziki vizuri nyumbani: kijana hukaa nyuma ya wakubwa siku nyingi, akatazama mikono yao, kabla hajathubutu kuomba zamu. Mtoto huanzia bao la kujifunza, ambamo kila shimo hutiwa kete mbili tangu mwanzo.

Bao la watu wazima huanza na kete chache. Kila upande huweka kete kumi tu ubaoni, na 22 hubaki mkononi. Hatua ya kwanza, namua, ni ya kuziingiza hizo moja moja. Kete ikitiwa katika shimo la safu ya mbele lenye kete, na shimo la mpinzani linaloelekeana nalo lina kete pia, mchezaji amekula. Alichokula hakiwekwi kando. Hukisambaza upande wake kuanzia kichwa, yaani shimo la mwisho wa safu. Kete ya mwisho ikiangukia penye kete, safari inaendelea, pengine kwa kula tena. Ikiangukia shimo tupu, imelala, na zamu imekwisha. Kete za mkononi zikimalizika huingia hatua ya mtaji, ambapo huchezwa zilizo ubaoni peke yake. Katika hatua zote mbili, mwenye nafasi ya kula hana hiari: lazima ale.

Utamu wa namua uko kwenye nyumba, shimo la nne kutoka kulia katika safu ya mbele, ambalo mafundi wengi wa ubao hulichonga mraba ili litambulike. Humo huanza kete sita, na huongezeka. Mchezaji aliyekula, kete yake ya mwisho ikifika nyumbani pasipo cha kula, huweza kuilaza hapo au kuisafirisha nyumba nzima. Akiisafirisha mapema huenda akavuna sana, lakini hazina yake imetawanyika. Akiichelewesha, mpinzani anaweza kuila yote kwa mkono mmoja. Hapo ndipo baraza hupiga kelele.

Anayeishiwa kete katika safu ya mbele amefungwa, na neno la kutangaza hilo ni fupi: hamna. Kufungwa wakati kete bado ziko mkononi ni aibu kubwa zaidi.

Sifa ya bao ni ya zamani. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa wa karne ya 19, alilitungia shairi. Mwaka 1995 mtafiti Mholanzi Alex de Voogt alichapisha utafiti wake juu ya umahiri wa mabingwa wa Zanzibar, watu wanaoiona kichwani safari ndefu ya kete kabla mkono haujagusa shimo. Kasi yao humchanganya mgeni: kete hudondoka mfululizo, na asiyejua hudhani wanabahatisha.

Siku hizi vijiwe vingi vimejaa drafti ya vizibo vya soda, karata na dhumna, ambazo hufundishika kwa jioni moja. Bao halifundishiki hivyo.