Nyimbo za Wageni Katika Mji wa Dhahabu

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi waalimu wenzangu, nina swali dogo. Watoto wetu wa Tanzania husimama wima wakaimba "Mungu ibariki Afrika". Je, sauti ya wimbo ule aliitunga nani, naye alikuwa mtu wa wapi? Nadhani wengi watanyamaza. Basi leo nataka twende pamoja mpaka Johannesburg, huko Afrika ya Kusini, kwa maana sauti ile ilitungwa na mtu aliyekuwa mgeni katika mji ule; wala si hiyo peke yake.

Mwaka 1886 dhahabu ilivumbuliwa katika nchi ya Witwatersrand. Palipokuwa na majani matupu pakasimama mji mkubwa kwa miaka michache tu. Migodi ilitaka mikono mingi. Tena serikali ilitoza kodi ya fedha, na sheria ya mwaka 1913 ikawabana Waafrika katika sehemu ndogo ya nchi yao wenyewe. Kwa hiyo vijana wakatoka kwa Wazulu, kwa Waxhosa, kwa Wasotho, Msumbiji, hata Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, wakaenda kuchimba. Wake na watoto walibaki nyumbani. Wanaume wakalazwa kambini, watu wengi chumba kimoja, na mle migodini mtu aliandikwa kwa namba yake. Ukoo wake na kijiji chake, nani angemwuliza?

Katika mji huo alikuwako mwalimu mmoja, jina lake Enoch Sontonga, Mxhosa wa pande za mashariki ya Rasi. Alifundisha katika shule ya misheni ya Wamethodisti pale Nancefield, akaongoza na kwaya. Mwaka 1897 akatunga "Nkosi Sikelel' iAfrika". Alifariki mwaka 1905, angali kijana. Lakini wimbo haukufa naye. Mwaka 1912 Waafrika wa nchi ile walipokutana Bloemfontein kuanzisha chama kilichokuja kuitwa African National Congress, waliuimba. Na Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, sauti ile ikawa sauti ya wimbo wetu wa taifa, kwa maneno ya Kiswahili. Mtunzi mwenyewe alikuwa amesahauliwa kiasi cha kwamba kaburi lake halikujulikana lilipo. Lilitafutwa sana, likaonekana katika makaburi ya Braamfontein, na mwaka 1996 likafanywa kumbukumbu ya taifa.

Sasa tazameni usiku wa Jumamosi katika makambi ya wafanya kazi. Wazulu walikuwa na desturi ya kushindana kwa kuimba usiku kucha, mpaka Jumapili kunapambazuka. Kila kundi ni la wanaume tupu, wasio na ngoma wala zeze. Mmoja huongoza kwa sauti ya juu, wawili watatu humfuata, na wengi waliobaki huimba sauti nzito ya chini. Walivaa suti za namna moja, viatu vinang'aa, na glavu mikononi. Nao walicheza kwa kunyata, kama paka asiyetaka kusikiwa. Kwa sababu hiyo uimbaji huo waitwa isicathamiya, neno litokalo katika kunyata. Mwamuzi mara nyingi alikuwa mtu wa nje, pengine Mzungu asiyejua Kizulu, aliyeokotwa njiani usiku ule ule, ili asije akawapendelea watu wa kwao.

Je, walikuwa wakicheza tu? Sivyo. Mtu aliyekuwa namba mchana, usiku alikuwa mwana wa kijiji fulani, na kundi lake lilisimama kwa heshima ya kijiji kile. Sikilizeni jina la kundi lililoanzishwa na Joseph Shabalala: Ladysmith Black Mambazo. Ladysmith ndio mji wa kwao. Neno la pili, maana yake weusi, ni kwa ajili ya maksai weusi wenye nguvu kuliko wote. Na mambazo ni shoka. Kundi hilo likaja kusikiwa ulimwenguni kote tangu mwaka 1986, wala halikuacha jina la kwao.

Wako wazee watakaosema, "Mwacha asili ni mtumwa, suti na glavu ni asili ya nani?" Neno lao lina haki yake, lakini tulipime vema. Sauti nne zilizopangwa, Wazulu walijifunza katika nyimbo za misheni. Mambo mengine waliyapata kwa waimbaji weusi wa Marekani waliozunguka nchi ile katika miaka ya 1890. Na mwitikio, na mwendo wa miguu, walitoka nao katika arusi za kwao. Wakavichanganya vyote, na kilichopatikana hakikuwa cha Mmarekani wala cha mmisionari, kilikuwa chao. Asili si jiwe la kufukiwa, ni mbegu. Hata ikipandwa katika udongo mwingine, huzaa kwa namna yake.

Lakini mbegu yaweza kuibiwa. Solomon Linda alikuwa Mzulu wa Msinga, aliyesoma shule ya misheni, akaenda Johannesburg katika miaka ya 1930 kutafuta kazi. Aliongoza kundi la Evening Birds. Mwaka 1939 wakaimba katika santuri wimbo wake "Mbube", maana yake simba, na kwa muda wa miaka kumi santuri ile ikauzwa kiasi cha 100,000. Naye alilipwa shilingi 10 akatoa haki yake yote. Wamarekani wakauchukua wimbo, wakaugeuza, ukaingia hata katika sinema ya mwaka 1994, na watu wengi wakapata fedha nyingi. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini, na mjane wake hakuwa na fedha ya kununua jiwe la kaburi. Mwaka 2004 binti zake walikwenda mahakamani, na mwaka 2006 mapatano yakafanywa: Linda akakiriwa kuwa mtunzi, na jamaa zake wakapewa fungu lao.

Waalimu wenzangu, hapa pana jambo linalotupasa. Sisi ndio tunaofundisha nyimbo. Tukimfundisha mtoto sauti bila kumtaja aliyeitunga, twamfundisha kula asiulize nani aliyelima. Basi andikeni ubaoni, juu ya maneno ya wimbo, jina la mtunzi na kwao. Ikiwa wimbo ni wa bibi fulani kijijini, andikeni jina lake naye, kabla watu hawajasahau.

Na ninyi wazazi wenye wana mjini, msiwaandikie habari za fedha tu. Waulizeni, "Mwaimba nini huko, na pamoja na nani?" Mwana ambaye angali anaimba na watu wa kwao hajapotea.