Uzito wa Mwili na Tezi Dume kwa Wazee Wetu



Wengi wetu tulifika Toronto tukiwa wembamba. Sasa twalegeza mkanda tundu baada ya tundu. Baridi hutufungia ndani miezi mingi, na biriani haipungui. Usiku twaamka mara tatu, mara nne kwenda msalani, na tukiulizwa twajibu: ni uzee tu.

Tezi dume iko chini ya kibofu, nayo huizunguka njia ya mkojo. Umri huikuza, unene, hasa wa tumbo, huongeza uwezekano huo. Ukiiacha ya ngozi, saratani ya tezi hii ndiyo inayowapata zaidi wanaume wa Kanada, na wenye asili ya Kiafrika wamo hatarini zaidi. Mtu mnene huelekea zaidi kupata ile iliyo kali. Tena, kwa kuwa damu yake ni nyingi, kipimo cha damu cha PSA chaweza kusoma chini na kumpa matumaini ya bure.

Basi tumweleze daktari habari za mkojo bila haya. Tupunguze sahani, na wakati wa theluji tutembee hata ndani ya maduka makubwa. Mwili ni amana. Kuuficha ugonjwa si staha.