Deficit na debt: maneno mawili, ugomvi mmoja kila Juni

1/ Kila bajeti ikisomwa mwezi wa Juni, huu ugomvi lazima urudi hapa. Upande mmoja: "Tumepunguza deficit!" Upande wa pili: "Waongo nyinyi, debt imepanda!" Mwaka jana niliandika kwamba wote wawili wanaweza kuwa wanasema ukweli. Nikatukanwa na pande zote. Leo wacha nieleze polepole.

2/ Shida inaanzia kwa tafsiri. Wengi wetu tukisikia hayo maneno mawili tunayatia kapu moja: deni. Lakini debt ndiyo deni. Deficit ni nakisi, yaani kile kiasi ambacho matumizi ya mwaka yamepita mapato ya mwaka huo huo.

3/ Tuleta nyumbani. Unapata 30,000 kwa mwezi, unatumia 36,000. Zile 6,000 unakopa. Hiyo ndiyo nakisi yako ya mwezi. Baada ya miezi kumi unadaiwa 60,000, hata kabla ya riba. Hiyo sasa ndiyo debt.

4/ Mwezi wa kumi na moja unajibana, unatumia 33,000. Nakisi imeshuka kutoka 6,000 hadi 3,000. Nusu! Umejitahidi kweli. Lakini deni je? Limefika 63,000. Umeona? Deficit imepungua na debt imepanda, mwezi huo huo, mfuko huo huo. Hakuna aliyedanganya.

5/ Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Nakisi ni haba ya kila mwaka, deni ni kibaba. Ukipunguza haba, kibaba kinajaa polepole. Hakipungui.

6/ Halafu kuna mzunguko. Riba ya mikopo ya zamani huhesabiwa kama matumizi ya mwaka, kwa hivyo inaingia kwenye nakisi. Kurudisha mkopo wenyewe hakuingii. Maana yake deni la jana linasaidia kuzaa nakisi ya kesho. Na kila shilingi ya riba ni shilingi ambayo haitanunua dawa wala kuajiri mwalimu. Hapo ndipo hii hesabu inakugusa wewe na mimi.

7/ "Lakini nilisikia deni lenyewe limeshuka." Inawezekana, ila uliza limeshuka vipi. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160. Baadaye mwaka huo ikatulia karibu 129. Deni la dola milioni 100 likatoka shilingi bilioni 16 hadi bilioni 12.9. Kwa dola bado tunadaiwa vile vile. Shilingi ikianguka tena, deni linapanda tena bila mtu kukopa hata senti.

8/ Mtego mwingine ni asilimia. 2022 Bunge liliweka kikomo cha deni kuwa shilingi trilioni 10. 2023 kikabadilishwa kuwa asilimia 55 ya pato la taifa, deni likipimwa kwa thamani yake ya sasa. Kwa kipimo hiki, uchumi ukikua haraka kuliko deni, asilimia inashuka huku shilingi tunazodaiwa zikiongezeka. Mmoja atakutajia asilimia, mwingine atakutajia trilioni. Tena wote wako sawa, na tena watu watatukanana.

9/ Kwa hivyo mwanasiasa akisimama jukwaani aseme "tumepunguza", usipige makofi wala usizomee kwanza. Muulize:
– Ni nakisi au ni deni?
– Ni kwa shilingi, kwa dola, au kwa asilimia?
– Ni makadirio ya bajeti, au ni hesabu ya mwaka uliokwisha tarehe 30 Juni?

10/ Hilo swali la mwisho msilidharau. Nakisi inayosomwa siku ya bajeti ni mpango tu. Mapato ya ushuru yakikosa kufika, au bajeti ya nyongeza ikija, nakisi inanenepa wakati kamera zimeshaondoka.

11/ Mimi sina upande kwa hii. Atakayesifu kupungua kwa nakisi ana haki, maana ndiyo hatua ya kwanza. Atakayelia na deni pia ana haki, maana dawa ya deni ni kulipa, si kukopa kidogo kidogo. Lakini tugombane tukijua tunagombania neno gani.

Kama kuna mahali nimekosea hesabu, nirekebishe hapo chini. Matusi peleka kwingine.