Mfano, Modeli na Kielelezo: Istilahi za Vitu Vilivyofanyizwa kwa Kipimio na za Mahali pa Kuviweka

Miongoni mwa maswali yanayoletwa na walimu, mafundi na watunza bohari ni lile lihusulo jina la kitu kilichofanyizwa kwa kufuata umbo la kitu kingine, kikawa kidogo kuliko asili yake lakini kikalingana nayo kwa uwiano. Wako wasemao mfano, wako wasemao modeli, na wengine husema kielelezo, kiolezo au hata sanamu. Swali hili huenda likaonekana dogo. Lakini kila neno katika hayo lina kazi yake ya zamani katika lugha, na mtu anapolichukua bila kuipima kazi hiyo, huzua matatizo ambayo huonekana baadaye katika madaftari, katika mitihani na katika mikutano ya hadhara.

Mwalimu mmoja wa Jiografia wilayani Same alieleza jinsi yeye na wanafunzi wake walivyofanyiza umbo la Milima ya Upare kwa karatasi zilizolowekwa, gundi na chokaa. Kazi hiyo ilichukua muhula mzima. Ilipokamilika hapakuwa na chumba cha kuiweka, ikapelekwa bohari na kuandikwa katika daftari: "Mfano wa milima, 1." Wakati wa kuhesabu mali, waliolisoma daftari hilo walilichukua neno mfano kwa maana ya sampuli, yaani kipande kidogo cha kitu kilichokwisha kutumika. Umbo hilo likatolewa nje, likawekwa chini ya upenu, na masika yakalimaliza. Mwalimu huyo aliuliza mambo mawili: kitu hicho kiitweje, na mahali pa kukiweka paitweje. Makala haya yanajaribu kuyajibu yote mawili.

Tuanze na jina la kitu chenyewe. Mfano ni neno pana sana. Hutaja jambo moja linalowakilisha mengine ya aina yake, hutaja mfanano, na hutaja mwenendo wa kuigwa. Sampuli ni sehemu ya kitu chenyewe: konzi ya mahindi iliyotolewa katika gunia ni sampuli ya mahindi hayo, kwa kuwa nayo ni mahindi. Kielelezo ni chochote kinachosaidia kueleza, kama vile picha, chati au ramani; na mahakamani ni kitu kinachotolewa kuthibitisha ushahidi. Kiolezo ni umbo linalotangulia ili vingine vifanyizwe kwa kulifuata, kama fundi cherehani anavyokata karatasi kwanza kisha akakata kitambaa. Kigezo ni kipimo cha kupambanua kinachofaa na kisichofaa. Sanamu, katika matumizi ya leo, ni umbo la mtu, mnyama au kiumbe kinginecho, wala halidai uwiano wa vipimo.

Ni dhahiri basi kwamba umbo la Milima ya Upare si kiolezo, kwa sababu milima haikufuata umbo hilo, bali umbo ndilo lililoifuata milima. Si sampuli, kwa sababu halina hata punje ya udongo wa milimani. Ni kielelezo kwa kazi yake darasani, lakini jina hilo halitoshi, maana ramani iliyo ukutani nayo ni kielelezo. Sifa yake ya pekee ni mbili: lina marefu, mapana na kimo, na vipimo vyake vimepunguzwa kwa uwiano unaojulikana. Tunapendekeza kitu chenye sifa hizo mbili kiitwe modeli, na neno mfano liachiwe kazi yake pana. Wako watakaosema kuwa modeli ni neno la kigeni. Ni kweli, lakini limekwisha kuingia midomoni mwa mafundi na wanafunzi, linakubali sarufi yetu bila taabu, na halina maana nyingine ya kushindana nayo. Liko pendekezo la kifano, kwa kufuata kiambishi cha udogo. Ni neno lenye sura nzuri, ila linashindwa mara tu modeli inapokuwa kubwa kuliko mtu aliyeifanyiza.

Hapo ndipo tunapofika kwenye istilahi ya pili, nayo ni kipimio, ambacho wengi hukiita skeli. Kipimio ni uwiano baina ya urefu katika modeli na urefu katika kitu chenyewe. Reli ya Tanga hadi Moshi, ambayo hupita Same, ina upana wa mita moja baina ya vyuma vyake viwili. Katika modeli ya kipimio cha 1:20, upana huo utakuwa sentimita 5. Hapana utata hadi hapo. Utata huanza mtu anaposema "kipimio kikubwa". Wanafunzi wengi hudhani kwamba 1:50,000 ni kipimio kikubwa kuliko 1:10,000, kwa kuwa elfu hamsini ni nyingi kuliko elfu kumi. Sivyo. Kadiri tarakimu ya pili inavyokuwa ndogo, ndivyo modeli inavyozidi kuwa kubwa na kuonyesha mambo mengi zaidi ya mahali padogo. Kwa hiyo yafaa mwandishi asiseme kipimio kikubwa au kidogo peke yake, bali ataje tarakimu zenyewe.

Na tarakimu hizo ndizo zinazoamua chumba. Tuchukulie eneo la milimani lenye urefu wa kilomita 100 na upana wa kilomita 40. Kwa kipimio cha 1:50,000, ambacho ndicho cha ramani zinazotumiwa mashuleni, modeli yake itakuwa na urefu wa mita 2 na upana wa sentimita 80. Hiyo ni meza moja kubwa. Kwa kipimio cha 1:10,000, urefu utakuwa mita 10 na upana mita 4. Hiyo ni ndefu kuliko madarasa mengi. Anayechagua kipimio, basi, anachagua pia mlango, meza na paa, hata kama hakukusudia. Mwalimu akiandikiwa tu kwamba afanyize "modeli ya kipimio kikubwa" bila tarakimu, hawezi kujua kama ameagizwa kutafuta meza au ukumbi.

Jambo la tatu ni kimo. Kilele cha Shengena kina takriban mita 2,460 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Same uko takriban mita 860. Tofauti yake ni mita 1,600. Katika kipimio cha 1:50,000, mita hizo ni sentimita 3.2 tu. Juu ya meza ya mita 2, mlima wa sentimita 3.2 hauonekani kama mlima. Ndiyo maana watengenezaji wa modeli za nchi aghalabu hutumia kipimio kimoja kwa marefu na mapana, na kingine kwa kimo. Tendo hilo halina jina lililozoeleka katika Kiswahili, na ukosefu wa jina una hatari yake. Kimo kikizidishwa mara tatu, Shengena itapanda hadi sentimita 9.6 na kupendeza macho. Lakini mteremko wenye nyuzi 20 utaonekana kuwa na zaidi ya nyuzi 45. Mtazamaji ataona genge mahali ambapo watu wanalima, na genge la kweli halitatofautiana tena na mteremko wa kawaida.

Jambo hili si la darasani peke yake. Novemba ya mwaka 2009 inakumbukwa Same, kwa kuwa mvua kubwa zilileta maporomoko ya ardhi milimani yaliyoua watu wasiopungua 20. Wataalamu wanapokuja kuzungumza na wananchi juu ya miteremko ya hatari, modeli ni msaada mkubwa kwa asiyezoea kusoma ramani. Lakini ikiwa kimo kimezidishwa na hapana maandishi ya kusema hivyo, modeli itawaogofya walio salama na kuwatuliza walio hatarini. Tunapendekeza tendo hilo liitwe ukuzaji wa kimo, na kila modeli iandikwe ubavuni, kwa mfano: "Kipimio 1:50,000, kimo kimekuzwa mara 3."

Liko pia tatizo la modeli ambayo haikupunguzwa hata kidogo. Katika Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, nyumba za jadi za makabila mbalimbali zimejengwa kwa ukubwa wake halisi. Unguja, katika ua wa ndani wa Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 na ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, uliwekwa mtepe ulioundwa upya, chombo cha kale kilichoshonwa kwa kamba. Uwiano wa vitu hivyo ni 1:1, na hapo lugha inatutega, kwani tukisoma "moja kwa moja" msikilizaji ataelewa "bila kukawia" au "bila kupinda". Tunapendekeza kuseme kipimio sawa. Tena tukumbuke kwamba kitu cha kipimio sawa hakiwekwi bohari: mahali kinapoonyeshwa ndipo kinapohifadhiwa, na matengenezo yake ni kazi isiyokwisha.

Sasa tugeukie mahali. Kiswahili si maskini katika jambo hili. Mwambao na bara vimekwisha kutatua matatizo ya nafasi tangu zamani, na maneno yamebaki. Ghala ni la mazao au bidhaa nyingi. Bohari ni ya vifaa vilivyoandikwa katika daftari, na mlango wake una mwenye funguo. Zidaka ni vijumba vilivyochongwa katika kuta za nyumba za mawe za mwambao, ambamo vyombo vya thamani viliwekwa vionekane na wakati huohuo visiguswe. Susu ni kining'inizo kilichofungwa darini ili chakula kiwe mbali na paka na sisimizi. Uchanja ni jukwaa la miti la kuanikia au kuwekea vyombo.

Maneno haya hayafai kuachwa jikoni. Wapenzi wa modeli za kuunganisha, yaani zile zinazouzwa zikiwa vipande ndani ya kisanduku, wanalo tatizo lilelile la mwalimu wa Same. Ndege ya Kiingereza Avro Lancaster ilikuwa na mabawa yenye upana wa mita 31. Modeli yake ya 1:32 ina karibu sentimita 97, nayo haikai katika rafu ya vitabu. Wengi huitundika darini. Kifaa cha kuitundikia kina haki ya kuitwa susu. Sanduku la kioo lililoingizwa ukutani lina haki ya kuitwa kidaka. Na modeli ndefu inayogawanywa ili ipite mlangoni, kama ile ya mita 2 ikigawanywa sehemu nne za sentimita 50, yafaa sehemu zake ziitwe pingili kama za muwa, kwa sababu zina mpangilio na kila moja huungana na jirani yake tu.

Lugha za jamii nazo zina la kutufundisha. Katika Chasu, lugha ya Wapare, ndiva ni bwawa dogo linalokusanya maji ya kijito usiku ili yafunguliwe mchana kwenda mashambani, wakulima wakipeana zamu. Wataalamu wa umwagiliaji wanaoandika juu ya Same hulitumia neno hilo kama lilivyo, na hakuna neno moja la Kiswahili linalolishinda. Tunapendekeza lipokewe kwa maana yake hiyohiyo ya maji. Hatupendekezi kuliazima kwa ajili ya modeli. Lakini fikra iliyomo inafaa. Ndiva haihifadhi kwa kuficha: inahifadhi kwa zamu. Shule isiyo na nafasi ya kuonyesha modeli zake zote inaweza kufanya vivyo hivyo, nyingine zikiwa hifadhini na nyingine ukumbini, kisha zibadilishane. Utaratibu huo tunauita onyesho la zamu.

Kwa muhtasari, mapendekezo ni haya:

modeli: umbo lenye marefu, mapana na kimo, lililofanyizwa kwa uwiano unaojulikana.
kipimio: uwiano wa urefu katika modeli na urefu katika kitu chenyewe, hutajwa kwa tarakimu.
kipimio sawa: uwiano wa 1:1.
ukuzaji wa kimo: kuzidisha kimo cha modeli kuliko kipimio cha marefu na mapana.
modeli ya kuunganisha: modeli inayotolewa ikiwa vipande.
pingili: sehemu ya modeli inayotenguliwa na kuungwa tena kwa mpangilio.
kidaka: nafasi ya ukutani ya kuonyeshea.
susu: kining'inizo cha darini.
onyesho la zamu: kuonyesha sehemu ya hifadhi kwa wakati na kuibadilisha.
ndiva: bwawa dogo la kukusanyia maji ya umwagiliaji usiku.

Wasomaji, hasa walimu, mafundi seremala, watunza bohari na wenyeji wa Upare, wanaombwa kuyapima maneno haya katika kazi zao na kuleta maoni yao kabla hayajafikishwa katika kamati ya usanifishaji. Wenye majina mengine yanayotumika kwao wayalete pamoja na maelezo ya kitu chenyewe na mahali yanaposemwa, kwani jina lisilo na maelezo ni gumu kulisanifisha. Na watunza madaftari wanaombwa, wakati tukingoja uamuzi, waandike angalau maneno mawili zaidi mbele ya kila modeli: imefanyizwa na nani, na kwa kipimio gani.