Jina la Leso Unalisoma, Lakini Umewahi Kucheki Herufi Zake?

Ukienda kumnunulia mathe leso, usiangalie rangi peke yake. Pindo linaweza kuwa safi, mji umeiva, halafu jina ni kijembe cha kumrushia jirani. Akivaa hiyo hapa Mkomani, manze, umemuanzishia vita na mtaa mzima.

Sasa cheki herufi zenyewe. Herufi kubwa, nene, ndani ya kisanduku chini ya mchoro. Zamani hazikuwa hizi. Majina yalianza kuingia kwenye leso mwanzoni mwa karne ya 20, na wengi humtaja Kaderdina Hajee Essak, yule "Abdulla" wa Biashara Street aliyeanza biashara 1887. Mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye ndiyo hizi za A, B, C zikachukua nafasi.

Lakini hiyo idea ya picha juu, ujumbe chini, si ya Mombasa pekee. Kusini mwa Ujerumani kuna chapa ya mbao ya Mtakatifu Kristofa yenye tarehe 1423, saa hii iko Manchester. Chini ya picha kuna mistari miwili ya Kilatini: ukiiona sura yake, siku hiyo hutakufa kifo kibaya. Si karatasi ya urembo tu hiyo, ni kinga. Ni kama mathe na leso yake: maneno yako pale kufanya kazi.

Na kazi ya fundi ilikuwa ngori. Picha na herufi mara nyingi zilitoka kwenye kibao kimoja. Unachimba mbao yote, unaacha tu mistari itakayoshika wino. Tena unachonga kinyume, kwa sababu ukichapa kila kitu kinageuka. S ikikuchanganya, umeharibu kibao kizima, pamoja na picha. Ukiifanya herufi nyembamba sana, inavunjika. Tundu la A likiwa dogo, wino unaliziba. Halafu msee bado anaziremba, anazipa mikia na majani!

Gutenberg alipoanza kuchapa na herufi za chuma, miaka ya 1450, herufi moja ikiharibika unabadilisha hiyo moja tu.

Unadhani ni rahisi? Kata kiazi katikati, chonga jina lako, paka rangi, gandamiza kwa karatasi. Kama jina lako lina N au S, shauri yako.