Chaga za kitanda

Chaga za kitanda ni mbao nyembamba zinazopangwa kukingama upana wa kitanda, kutoka mfumbati mmoja hadi wa pili, ili kubeba godoro. Mfumbati ni ubao mrefu wa ubavuni. Mguu wa kitanda huitwa tendegu. Godoro la sponji hufuata umbo la kitu kilicho chini yake, kwa hiyo huhitaji chaga imara, zilizo sawa na zinazopitisha hewa.

Historia

Vitanda vya zamani vya pwani ya Afrika Mashariki vilisukwa kwa kamba, na juu yake kutandikwa mkeka au godoro la sufi. Kamba zilipolegea zilikazwa upya. Kemia ya poliuretani, ambayo hutumika kutengenezea sponji, ilibuniwa na Otto Bayer na wenzake nchini Ujerumani mwaka 1937. Magodoro ya sponji ni mepesi na hubebeka kwa urahisi, lakini yakiwekwa juu ya kamba au wavu wa chuma uliolegea hubonyea katikati pamoja nao.

Nafasi kati ya chaga

Sponji ina vishimo vidogo vingi vyenye hewa. Mtu anapolala, sehemu iliyo juu ya ubao hupata egemeo, ila iliyo juu ya pengo huning'inia. Ikirudiwa kila usiku, kuta za vishimo hivyo huchoka na godoro hufanya mabonde. Kwa kawaida pengo lisizidi sentimita 7 au 8.

Kwa mfano, kitanda cha futi 6 kina urefu wa takriban sentimita 183. Kikiwekewa chaga 6 zenye upana wa sentimita 10, kila pengo huwa karibu sentimita 25, yaani kubwa kuliko unene wa godoro la inchi 6 (sentimita 15). Kikiwekewa chaga 11, pengo hushuka hadi sentimita 7 hivi. Kitanda cha futi 5 au 6 kwa upana huhitaji pia boriti ya katikati yenye tendegu lake, la sivyo chaga hupinda.

Hewa na unyevu

Jasho la mlalaji huingia ndani ya sponji. Godoro lililowekwa moja kwa moja juu ya sakafu ya saruji au ya udongo hukosa hewa upande wa chini, na huweza kuota ukungu. Jambo hili lina uzito katika maeneo ya joto yenye mashamba ya mpunga, kama Msangano, wilayani Momba, mkoa wa Songwe. Asiye na kitanda anaweza kutandika mkeka chini na kulisimamisha godoro ukutani kila asubuhi. Ubao mpana usio na mapengo hushikilia godoro vizuri, lakini hufaa utobolewe matundu ya hewa.

Chaga zinazotolewa kwa urahisi husaidia pia kusafisha nyufa, ambako kunguni hujificha. Zipigwe randa ili vibanzi visichane godoro wala chandarua kinachochomekwa chini yake.

Kutambua kosa

Kwa mkulima anayepata fedha mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno, kununua godoro jipya si jambo dogo. Kabla ya kulitupa la zamani, hutolewa kitandani na kulazwa juu ya sakafu kavu iliyo sawa. Bonde likitoweka, kosa ni la chaga: fundi seremala ataongeza mbao, kwa gharama ndogo kuliko godoro. Bonde likibaki, sponji yenyewe imechoka. Hata hapo chaga hurekebishwa kwanza, kwani godoro jipya likiwekwa juu ya mapengo yaleyale litaharibika vilevile.