Usingizi Unapokataa Kuja

Ni nani kati yetu asiyepata kugeuka-geuka kitandani mpaka jogoo wa kwanza? Kesho yake tulisinzia mchana, na usiku wa pili tukalala fofofo. Mwili ulidai usingizi wake, ukalipwa. Lakini ziko nyumba chache duniani ambamo mtu hupatwa na ugonjwa wa kurithi, na deni hilo halilipiki kamwe.

Habari zake zilijulikana vizuri huko Italia. Daktari Ignazio Roiter alioa katika ukoo mmoja wa upande wa Venice. Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliona jamaa za mkewe wakifa, hali wamekosa usingizi kwa miezi mingi. Hakuridhika. Yeye na mkewe walipekua habari za wafu wa ukoo, hata katika vitabu vya parokia. Majina ya maradhi yalikuwa mbalimbali, bali njia ya kifo ilikuwa moja. Ukoo ule ulifuatwa nyuma mpaka kwa tabibu mmoja wa Venice, aliyefariki mwaka 1765.

Mwaka 1984 mtu mwingine wa ukoo huo aliugua. Alikubali kulazwa Bologna kwa Profesa Elio Lugaresi, apimwe usiku na mchana. Vyombo vilionyesha ajabu. Ule usingizi mzito upumzishao mwili ulitoweka. Badala yake mgonjwa alizama katika hali isiyo kulala wala kuwa macho, akichezesha mikono kama mtu achanaye nywele. Alikuwa akiota pasipo kulala! Wagonjwa wa namna hii hutoka jasho, moyo huenda mbio, mwili hukonda, wala vidonge vya usingizi haviwafai. Mara nyingi maradhi huanza penye umri wa miaka 50 hivi, na kifo hufuata baada ya mwaka mmoja au miwili.

Mgonjwa yule alipofariki, ubongo wake ulichunguzwa, ikaonekana kwamba thalamasi, sehemu iliyo katikati ya ubongo, imeharibika. Mwaka 1992 wataalamu walipata kosa lenyewe katika jeni itengenezayo protini iitwayo prioni. Protini hiyo ikikunjika vibaya, huiharibu na ya jirani. Samaki mmoja akioza, huoza wote.

Mzazi mwenye jeni hiyo aweza kumrithisha mtoto wake, mume kwa mke. Nafasi ni nusu kwa nusu. Je, mtoto apimwe? Wengine hawataki kujua, nao wasilaumiwe. Sonia Vallabh wa Marekani alifiwa na mama yake mwaka 2010, akapimwa mwaka uliofuata, akaambiwa amerithi. Aliacha kazi ya sheria, na mumewe, Eric Minikel, akaacha yake. Wote wawili wakasomea sayansi ili watafute dawa. Tiba bado haijapatikana, lakini kazi inaendelea.

Basi, wewe uliyekesha juzi kwa kufikiria karo ya watoto, usiogope. Huo si ugonjwa huu. Bali nyumba ambayo maradhi hurudi kila kizazi, isiyafiche na kuyaita laana. Mgonjwa yule wa Bologna hakupona, lakini kwa kukubali kutazamwa aliwaachia jamaa zake jina la adui yao.